Unataka kuvuta tela hadi Natron? Tangulia kwanza bila tela

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia: "Dada, fundi ametumalizia tela dogo la kulala, mimi na mume wangu. Tunataka kwenda Ziwa Natron. Tutafika kweli?"

Ujumbe huo ulinifurahisha mno, kwa sababu sisi tulipoanza hatukuwa na wa kumuuliza. Nilipotaja habari za tela, shemeji yangu mmoja alinicheka mbele ya ukoo, akasema kulala porini ni mambo ya wazungu waliokosa pa kupeleka hela. Neno lile limenikaa rohoni mpaka leo. Ndiyo maana mwezi uliopita, tulipoingia Engaresero, kijiji kilicho kando ya Ziwa Natron, na tela letu likiwa zima, nati zote mahali pake, nilimpigia simu kabla hata sijabandika chai.

Kwa hiyo mdogo wangu, mtafika. Lakini tangulieni kwanza na gari tupu.

Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami, sina la kusimulia. Jaza mafuta na maji pale, kisha kunja kulia. Ukuta wa Bonde la Ufa utakuwa kushoto kwako, utapita Selela, Engaruka, mlima Kerimasi, halafu Ol Doinyo Lengai wenye mita 2,962 unasimama peke yake mbele. Nimezaliwa mkoa huu, na bado nilinyamaza nilipouona. Kuna mageti ya kulipia ushuru njiani. Lipa, dai risiti, itunze.

Safari yetu ya kwanza, bila tela, mimi na baba watoto tulikwenda kutafuta sehemu za kulala tu. Karibu na Engaruka tulipata mahali palipotupendeza sana: mchanga safi, migunga mikubwa, kivuli cha kutosha. Tukashuka kupima kama tela litageuka. Akaja mzee mmoja na mbuzi wake. Tulimwamkia, akatuuliza tunatafuta nini, tukamweleza. Akatuonyesha takataka zilizonasa kwenye matawi, juu ya kichwa changu. Tulikuwa tumesimama ndani ya korongo. Alisema mvua ikinyesha huko juu ya ukuta, maji hushuka usiku hata kama hapa chini hakuna tone. Akatupeleka kwenye mwinuko nyuma ya hapo, pembeni ya njia ya ng'ombe, na akatueleza ni nani kijijini wa kumwomba ruhusa. Hapo ndipo tunapolala sasa kila tukipita. Hakuna ramani ya simu iliyoonyesha mahali pale.

Jambo jingine la Engaruka: msichukue mawe yaliyopangwa ili kuzuia magurudumu. Yale ni mabaki ya mashamba na mifereji ya wakulima walioishi pale karne kadhaa zilizopita. Mwambieni fundi awakatie kabari za mbao. Inaniuma kuona watu wenye magari ya gharama wakiyang'oa.

Mbele ya hapo barabara ina mikunjo mikunjo inayotetemesha gari hadi meno. Hapo ndipo tela huachia. Punguza upepo wa matairi, na kumbuka kwamba Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Natron kama 600, kwa hiyo huko chini joto ni kali zaidi: upepo uliopima asubuhi kwenye baridi utapanda ukifika kwenye joto. Simama mara kwa mara, kaza nati, shika mahali tela linapoungana na gari, angalia springi. Karibu na Lengai kuna vumbi laini la majivu. Mlima ule ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Ukisimama katikati ya vumbi lile na tela nyuma, kuondoka ni kazi.

Ziwani msisogeze tela ufukweni. Magadi yaliyokauka yanaonekana magumu kama sakafu, chini yake ni tope. Tena upande wa Engaresero kuna nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizoganda kwenye majivu. Na ziwa lenyewe ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki. Wenzangu, tusingoje mgeni atoke ng'ambo ndipo atufundishe kuheshimu vitu hivi. Ukilala kijijini, lipia eneo la kambi la wanakijiji, rudi na takataka zako, usizibe njia ya mifugo kwenda majini. Tangulia, uliza wazee, lala pale walipokuambia.

Masika msiende na tela, Machi hadi Mei. Mkifika mchana, geuzeni tela mlango uutazame upande usio na upepo kabla ya kukunjua turubai, kwa maana jioni upepo unaoshuka kutoka ukutani ni mkali. Kisha nitumie picha, mdogo wangu, nami nitamwonyesha shemeji.