Trekta imezima shambani na haiwaki tena

Ndugu mkulima, umesema Massey Ferguson 135 yako ilikohoa ikazima katikati ya kulima, na sasa stata inazungusha vizuri ila haiwaki. Acha kwanza kuimaliza betri. Ukipiga stata, ekzosi inatoa moshi? Kama hautoki hata kidogo, dizeli haifiki kwenye nozeli, yaani vipulizio vya dizeli ndani ya injini.

Hakikisha kivuta cha kuzimia kimerudi ndani kabisa; mimi niliwahi kufungua nusu ya injini kumbe ni waya wa kivuta hicho tu umekwama. Kisha legeza bomba linalotoka tangini. Yakidondoka matone tu, kuna uchafu tangini au ndani ya bomba. Yakitiririka, badilisha filta halafu toa upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli: legeza skrubu ya filta, piga pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini mpaka mapovu yaishe, kaza, fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli), mwisho nati za mabomba ya nozeli huku mwenzio akipiga stata. Usiweke kidole hapo, dizeli ya presha hupenya ngozi.

Injini ikigoma hata kuzunguka, usiivute kwa gari. Pima oili na maji, mwite fundi.