Mwanangu, mwambie mkwe asinunue mbao bado

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni anacheka. Umesema baada ya plasta na madirisha pesa iliyobaki inatosha kitu kimoja tu huko nje, nyumba yenu ya Luchelele, Mwanza, karibu na ziwa. Wewe unataka patio, sakafu ya pevingi, zile tofali za kutandika chini, mtoke sebuleni mkae. Mkwe wangu anataka pegola, nguzo nne na mbao juu, kama ile ya kwenye picha anayozunguka nayo kwenye simu. Unaniuliza nani yuko sahihi. Umenitega! Nikikuunga mkono wewe, nitaambiwa nampendelea binti yangu. Nikimuunga mkono yeye, utaninunia mpaka Krismasi. Basi nitasema ninachokijua, lawama mtagawana wenyewe.

Patio ni neno la Kihispania, na kwao maana yake ni ua. Ua tunao siku zote. Wa bibi yako kule Magu ulifagiliwa kila alfajiri mpaka ukawa mgumu kama saruji, na hakuna aliyeuita patio. Pegola imetoka kwa Waitaliano, fremu ya kutambazia mizabibu. Moja iko chini ya miguu, nyingine iko juu ya kichwa. Ndiyo maana mnabishana bila kufika. Mngeulizana kwanza: sisi tutakaa nje saa ngapi?

Jua letu la Mwanza linafika utosini karibu saa saba, si saa sita, kwa sababu saa za nchi hii zinafuata mstari ulio mbali mashariki yetu. Na kwa kuwa ikweta iko jirani, jua linapita juu kwa juu. Mbao za pegola zikilazwa bapa na kuachiwa nafasi, mchana huo utakaa chini yake umechorwa milia kama punda wa Serengeti. Fundi anayejua husimamisha mbao kwa ubavu, zikaelekea kaskazini na kusini, na nafasi kati ya ubao na ubao ikawa sawa na kimo cha ubao. Hapo, kuanzia kama saa kumi alasiri, zinafunika jua lote la juu. Muulize fundi wenu mbao zitaelekea wapi. Akijibu "popote mama", umeshajua una fundi wa namna gani.

Lakini saa kumi na moja, mkirudi kazini mkitaka chai, jua linakuja kwa chini, kutoka magharibi, na magharibi yenu ni ziwa. Linawapiga usoni na maji yanawaongezea mng'ao. Mbao za juu hazina msaada hapo. Kinachosaidia ni kitu cha kusimama upande ule: senyenge iliyotambaa pasheni, au mwembe kama mna subira. Pasheni huzaa mapema, ila baada ya miaka mitatu minne huchoka, unapanda mwingine.

Mvua je? Pegola haina paa. Vuli ikianza, mtakimbia na vikombe. Najua mkwe atasema, "Tutaweka bati." Akiweka bati hiyo si pegola tena, ni banda, na banda lililo wazi pande zote karibu na ziwa linataka kufungwa sawasawa, la sivyo upepo wa dhoruba utaingia chini yake na kulinyanyua. Na mchana bati lisilo na dari chini yake linawaokeni.

Sasa sakafu, maana hapa nina kovu. Unaukumbuka ule mfereji mbele ya mlango wa nyumba yetu ya Igoma, mliokuwa mkishindana kuuruka? Haukuwa mapambo. Nilipiga zege mbele ya sebule, mita nne kwenda mbele, laini kama meza, nikajisifu kwa majirani. Fundi aliniuliza mteremko uelekee wapi, nikamwambia asinipotezee muda. Masika ya kwanza maji yote ya bati yakaanguka pale, yakatafuta pa kwenda, yakaona mlango. Tuliamka usiku magodoro yanaelea, mama yako amekubeba begani, na mimi asubuhi nikaanza kukata zege langu jipya kwa tindo na nyundo. Siku tatu. Mama yako hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo: kila mita moja kutoka ukutani, sakafu ishuke kama sentimita mbili. Mita nne, sentimita nane. Ukisimama hutaiona, maji yanaiona. Na uso wake uwe chini ya kizingiti cha mlango, usilingane nacho. Chini ya pevingi chimbeni kama sentimita 20, moramu, ule udongo wa changarawe, ishindiliwe kwa mashine, juu yake mchanga, ndipo tofali. Pembeni kuwe na ukingo wa zege, bila huo tofali zinatawanyika kama ng'ombe wasio na mchungaji.

Udongo uangalie pia. Huko kwenu juu karibu na mawe ni luseni, mchanga mchanga, hausumbui. Lakini ukikuta kona yenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija, uondoeni kabisa. Utainua pevingi na kuzishusha kila mwaka. Na kama mnafikiria kusogea chini kufuata maji, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Pimeni kabla ya kushusha mchanga.

Basi, pesa ni ya kitu kimoja: wekeni sakafu. Mapacha wenu, Kulwa na Doto, wanatambaa sasa, wanahitaji mahali pasipo tope kuliko wanavyohitaji milia. Ila msimfunge mkwe mlango. Kabla pevingi hazijatandikwa, chimbeni mashimo manne ya nguzo, yajazeni zege na kuacha boliti zimesimama, mzifunike kwa tofali zinazoweza kung'olewa. Saruji na nondo za mashimo manne hazitawafilisi, lakini kuzifumua pevingi mwaka kesho kwa ajili ya nguzo kutawauma. Siku pesa ikipatikana, nguzo zikae juu ya vyuma, zisiguse ardhi, maana mchwa wa huko hawana adabu. Mirunda mibichi ni rahisi kununua na inapinda ikikauka. Mninga ni ghali lakini mchwa hawaupendi. Na taa msizitundike juu ya meza. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi watawafuata mpaka ndani ya chai.

Jumamosi nakuja na pima maji yangu, uzi na vigingi. Fundi asianze kuchimba kabla sijafika. Kawekeni kiti pale nje leo na kesho, saa saba na saa kumi na moja, mkae nusu saa nusu saa, wote wawili, mnieleze jua liliwakuta wapi.

Mama yako anauliza kama sato wa huko bado ni wa kuvuliwa asubuhi. Anataka wawili.

Baba yako