Gongo, mbizi na mieleka: maswali yenu kuhusu michezo ya Waviking

Je, Waviking walicheza mpira?

Walicheza. Waviking, mabaharia na wavamizi wa Skandinavia wa karne ya 8 hadi ya 11, waliuita knattleikr: mpira mdogo mgumu, gongo mkononi, wachezaji wakipangwa wawili wawili kwa kulingana nguvu. Mara nyingi walichezea juu ya barafu. Saga za Iceland, yaani masimulizi marefu ya kale yaliyoandikwa hasa karne ya 13, zinamsimulia Egill Skallagrímsson, mtoto wa miaka saba hivi, aliyepangiwa Grímr aliyemzidi umri na nguvu. Egill akaghadhibika, akampiga gongo. Grímr akambwaga chini. Egill akaondoka, akarudi na shoka, akamuua. Watu wazima nao wakashikana, wakafa saba. Bera, mama yake Egill, akasema mwanawe ana dalili za kuwa Viking, akikua apewe meli. Mimi hapo huumia sana, maana mama yake Grímr hatajwi kabisa.

Ni kweli walishindana kuzamishana?

Kweli. Mbio za majini zilikuwapo, ila mashindano yanayosimuliwa zaidi ni ya pumzi: unamvuta mwenzako chini, anayeshindwa kuvumilia ndiye aliyeshindwa. Katika saga nyingine, kijana Kjartan Ólafsson wa Iceland alipofika Trondheim, Norwei, alimwona mtu mtoni akiwapita wote kwa kuogelea. Akamfuata, akamzamisha. Yule mtu naye akamzamisha Kjartan, wakarudia, na mara ya tatu walikaa chini muda mrefu hata Kjartan asijue kama atatoka salama. Walipofika ukingoni ndipo alipoambiwa: huyo ni mfalme Olaf Tryggvason. Mfalme akavua joho lake akampa.

Na kwenye barafu?

Walifunga mifupa ya farasi au ng'ombe chini ya viatu, wakajisukuma kwa fimbo yenye ncha. Mifupa hiyo imefukuliwa Birka, Uswidi, na York, Uingereza.

Kuna mchezo wao uliobaki?

Glíma, mieleka ya Iceland, yenye mizizi kwa walowezi wa enzi hiyo. Mashindano ya mkanda wa Grettir, mkanda anaopewa bingwa na uliopewa jina la shujaa wa saga, yalianza mwaka 1906. Kwangu mimi hakuna mieleka mizuri kuliko hii. Wawili wanasimama wima, wameshikana mikanda ya kiunoni na mapajani, wanazunguka kwa hatua kama wanaocheza ngoma. Kuinama ni kosa. Kumwangukia uliyemwangusha ni kosa pia. Macho hayaangalii miguu. Yanatazama juu ya bega la mpinzani, na mtego unaujua kwa kuuhisi mwilini tu.