Maswali na majibu: visulisuli vya ncha za mabawa ya eropleni

Kwa nini hewa huzunguka kwenye ncha ya bawa?

Kwa sababu bawa linafanya kazi yake. Mgandamizo wa hewa chini ya bawa huzidi ule wa juu, na tofauti hiyo ndiyo huinua ndege. Bawa linapoishia hakuna kizuizi, basi hewa ya chini hupanda juu kwa kuizunguka ncha. Nyuma hubaki kisulisuli kirefu, kimoja kila upande.

Wahandisi wameshindwa kukiondoa?

Hakiondoki, labda ndege iache kuinuliwa. Kisulisuli huteremsha hewa inayopita kwenye bawa, hivyo nguvu ya kuinua hulala nyuma kidogo, na huko kulala ndiko kunakozaa ukinzani, yaani nguvu inayoivuta ndege nyuma. Hapa wengi huduwaa: ukinzani wa aina hii huongezeka ndege inapopunguza mwendo. Kwa uzito uleule, ukipunguza mwendo kwa nusu, unakuwa mara 4. Dawa yake ni bawa refu. Tazama ndege zisizo na injini, mabawa yake ni marefu na membamba.

Na zile ncha zilizokunjwa kwenda juu?

Ni kazi ya Richard Whitcomb wa NASA, shirika la anga la Marekani, miaka ya 1970. Hudhoofisha kisulisuli bila kurefusha sana bawa, maana nafasi ya kuegesha ndege viwanjani ina mipaka. Anayedai zinakifuta kabisa anatia chumvi.

Kuna kisulisuli chenye faida?

Kipo, na mimi ndicho ninachokipenda. Concorde, ndege ya abiria iliyoipita sauti kwa kasi, ilikuwa na bawa la pembetatu lisilo na flapi, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili kuongeza nguvu ya kuinua wakati wa kutua. Ilipotua iliinua pua sana, hewa ikajiviringisha kwenye ukingo wa mbele na kupita juu ya bawa. Ndani ya mviringo huo mgandamizo hushuka mno, na bawa huendelea kuinua pale ambapo bawa la kawaida lingekwisha kuishiwa nguvu. Gharama yake ni ukinzani mkubwa, uliolipwa kwa mafuta na kelele za injini.

Ndege inayofuata nyuma iko hatarini?

Ndiyo, hasa ikiwa ndogo, kwani inaweza kubiringishwa. Kisulisuli kikali zaidi hutoka kwa ndege nzito inayokwenda polepole, nacho hushuka taratibu nyuma yake. Ndiyo maana waongozaji wa ndege huziachanisha, na rubani wa ndege ndogo hukaa juu ya njia ya ile kubwa, kisha hugusa ardhi baada ya kupita pale ile kubwa ilipogusa.