Nimepunguza pombe, au nimebadilisha chupa tu?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Nina miaka 47. Kwa miaka kumi na tano hivi nimekunywa kupita kiasi: nusu chupa ya pombe kali kila jioni, bila kukosa. Miezi minne iliyopita niliachana na pombe kali nikahamia kwenye bia, nne kubwa kila usiku. Mimi najiona nimepunguza. Mke wangu anasema nimebadilisha chupa tu. Siku nikikosa, asubuhi yake mikono inatetemeka na jasho linanitoka, ila nikizimua kidogo natulia. Nataka kuacha kabisa kuanzia Jumatatu. Niache kwa mkupuo? Na ini langu, baada ya miaka yote hiyo, litapona?

JIBU: Ndugu yangu, naanza na lile ulilolitaja kwa kupitia tu, maana ndilo zito kuliko yote: mikono inayotetemeka na kutulia ukizimua. Mwili wako umeshaizoea pombe kiasi cha kuidai, kwa hiyo hiyo Jumatatu usiifanye peke yako nyumbani.

Pombe huipa nguvu kemikali inayotuliza ubongo, iitwayo GABA, na kuibana ile inayouchangamsha, glutamati. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujipanga upya ili ufanye kazi humo humo kwenye pombe: ni kama dereva aliyezoea kuendesha breki ikiwa imekanyagwa, akawa anakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Breki ikiachiwa ghafla, gari linaruka. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 24 tangu glasi ya mwisho. Kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa, hutokea zaidi ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka: wanaona vitu visivyokuwepo, wana homa, hawajui walipo. Hali hiyo inaweza kuua isipotibiwa. Tena kila ukiacha ghafla na kurudia, mara inayofuata huelekea kuwa kali zaidi, kwa hiyo zile siku “unazokosa” hazikuzoeshi kuacha.

Hospitalini jambo hili lina tiba. Kwa kawaida hutolewa dawa za kutuliza za kundi la diazepamu kwa siku chache, dozi ikishuka kila siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu ukosefu wake kwa mnywaji wa muda mrefu unaweza kuharibu kumbukumbu kwa kudumu. Kama umewahi kupata kifafa au kuweweseka ulipoacha, sema mapema. Hapo wewe ni wa kulazwa.

Sasa ugomvi wenu wa nyumbani. Chupa hazihesabiki kwa idadi, zinahesabiwa kwa gramu za kilevi halisi: mililita, mara asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, mara 0.8. Nusu ya chupa ya mililita 750 ni 375. Kwa kilevi cha asilimia 40 unapata gramu 120. Bia nne za mililita 500, zenye asilimia 5, ni gramu 80. Umeshusha theluthi nzima, na hilo si dogo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume anayezidi gramu 100 kwa siku yuko kwenye hatari kubwa mno, na wa 61 hadi 100 yuko kwenye hatari kubwa. Umeshuka ngazi moja. Lakini kasome lebo yako kabla hujamwita shemeji mezani. Kama bia yenyewe ni ya asilimia 8, gramu zinafika 128, na hapo yeye ndiye aliyeshinda.

Mpaka utakapoonana na daktari, usiruke siku. Kunywa kiasi kile kile, kisha shusha kidogo kidogo, kama sehemu ya kumi kwa kila hatua, ukikaa siku kadhaa kabla ya hatua inayofuata. Tumia glasi yenye vipimo. Toti ya kukadiria kwa macho huwa inanenepa. Mtetemo ukirudi, panda hatua moja, tulia hapo. Ukichanganyikiwa au ukipata kifafa, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ini: mafuta yaliyojaa kwenye ini huweza kuondoka ndani ya wiki chache za kutokunywa kabisa. Makovu ya sirosisi, yaani ini lililokakamaa, kwa kiasi kikubwa hayafutiki, ingawa hata mwenye nayo huishi zaidi akiacha. Kwa kuwa ini haliumi mapema, usijipime kwa maumivu; omba kipimo cha damu cha vimeng’enya vya ini na altrasaundi. Na zile chupa za “kusafisha ini” ziache dukani, baadhi yake ndizo zinazolidhuru.

Zipo pia dawa za kusaidia baadaye. Naltreksoni hupunguza hamu, na mtu anaweza kuianza akiwa bado anakunywa. Akamprosati ni ya aliyekwisha kuacha. Zote mbili zinategemea hali ya ini na figo, ndiyo maana vipimo vinatangulia. Disulfiramu humfanya anayekunywa aumwe vibaya, kwa hiyo isitiwe kamwe kwenye chakula cha mtu kwa siri. Nalisema hili kwa ajili ya shemeji.

Ukienda, usimwambie daktari “nakunywa kiasi”. Andika kwenye karatasi: ulianza lini kunywa kila siku, gramu zako za zamani na za sasa, mara ngapi umejaribu kuacha na kilichotokea, dawa unazotumia, na saa uliyokunywa mara ya mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoihitaji kwanza.