Kabla Hujalipa Arbuni ya Mashine Mpya ya Pinboli

Juzi kijana mmoja aliniuliza swali ambalo wakusanyaji wengi wa pinboli, zile mashine za kurusha gololi kwenye ubao wa mteremko, wanaulizana siku hizi: anunue mashine mpya sasa, kabla bei haijapanda tena, au avute subira? Alikuwa ameshazungumza na muuzaji, arbuni ilikuwa tayari, kilichobaki ni kuituma. Nikamwomba anipe muda nimsimulie yaliyonipata mimi. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kuachana naye.

Mwaka 2021 watu wengi walikuwa bado wamejifungia ndani. Pesa ya safari na ya starehe za nje ilibaki nyumbani, viwanda vikazidiwa na maagizo, na mashine iliyotumika ikawa inauzwa kwa bei ya mpya, wakati mwingine hata zaidi. Mimi nilikuwa na mashine mbili za miaka ya 1990 na nilikuwa nimeridhika nazo. Lakini nikaanza kuona watu wananunua matoleo ya idadi maalumu, wanakaa nayo miezi mitatu, kisha wanauza kwa faida. Nikajiaminisha kwamba hii ni akiba, na ni akiba inayochezeka. Nikalipa arbuni ya toleo la juu kabisa la mchezo ambao sikuwa nimeucheza hata mara moja. Salio nikalikopa.

Mashine ilichukua miezi tisa kufika, na miezi hiyo ilitosha kubadilisha kila kitu. Mfumuko wa bei Marekani, ambako mashine nyingi hizi hutengenezwa, ulifika asilimia 9.1 Juni 2022. Benki kuu ya huko ilianza kupandisha riba Machi mwaka huohuo kutoka karibu sifuri, na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Riba ya mkopo wangu ilikuwa ya kupanda na kushuka, nayo ikapanda. Kisha mteja wangu mkubwa wa kazi akapunguza kazi kwa nusu. Mashine ilipoingia sebuleni nilikuwa tayari nahesabu ni miezi mingapi nitaweza kuibeba.

Niliibeba miezi kumi na minne.

Siku ya kuiuza naikumbuka vizuri kuliko siku ilipofika. Mnunuzi alikuja na tochi na kitambaa laini. Hakuuliza lolote kuhusu mchezo wenyewe. Alitoa kioo, akainama hadi shavu likakaribia kugusa ubao, akamulika kwa mlalo kwenye njia ambako gololi hurushwa. Kisha akahamia kwenye nguzo ndogo zilizo karibu na flipa, ile mikono midogo inayoirudisha gololi juu. Kwenye nguzo moja vanishi ilikuwa imeinuka kuizunguka, mfano wa ukoko mwembamba wa wali. Nilikuwa nikiifuta mashine ile kila wiki na sikuwahi kuliona jambo hilo. Akafungua mlango wa sarafu, akabonyeza vitufe vya ndani mpaka kwenye hesabu za mashine, akasoma: michezo 212. Akataja bei. Ilikuwa chini ya niliyolipa kwa zaidi ya robo, na sikuwa na nguvu ya kukataa, kwa sababu malipo ya mkopo yalikuwa wiki moja mbele. Tukafungua miguu minne, tukakilaza kichwa, lile sanduku la nyuma lenye taa, juu ya mwili, tukaifunga mikanda. Kitu cha zaidi ya kilo 100, na bado kiliondoka haraka kuliko kilivyoingia.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni hiki: uchumi unapoyumba, bei kuwa kubwa ni hatari ndogo. Unaiona, unaamua. Hatari kubwa ni ile imani kwamba mashine itakurudishia pesa yako ukiihitaji, kwa sababu siku utakayoihitaji ndiyo siku ambayo wenzako wengi nao wanauza. Wakusanyaji tunafanana mno. Tunapata pesa katika msimu mmoja na kubanwa katika msimu mmoja.

Tazama hesabu za Stern, kiwanda kikubwa kuliko vyote, kilichoko kando ya Chicago. Mwaka 2019 toleo lao la chini, Pro, lilikuwa karibu dola 6,000, na lile la idadi maalumu, LE, karibu dola 9,000. Kufikia 2023 Pro ilikuwa dola 6,999 na LE dola 12,999. Pro imeongezeka kama dola elfu moja, LE karibu elfu nne. Na wakati bei ya LE inapanda hivyo, uadimu wake ulikuwa unapungua: palikuwa na michezo iliyotoka LE 500 tu, lakini Godzilla ya 2021 ilitoka LE 1,000. Yaani tuliuziwa uadimu kwa bei kubwa zaidi huku uadimu wenyewe ukigawanywa mara mbili. Godzilla ni mchezo mzuri sana na watu bado wanautafuta, sibishi. Lakini si kila mchezo ni Godzilla, na unapolipa arbuni siku ya kwanza huna njia ya kujua.

Hata uadimu wa zamani si ngome. Medieval Madness, mchezo wa kubomoa ngome wa kiwanda cha Williams, ilitoka 1997, mashine 4,016 tu, na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo lulu ya kila mkusanyaji. Mwaka 2015 kampuni ya Chicago Gaming ikaanza kukabidhi mashine mpya za mchezo uleule, na bei za zile za awali zikapoa. Aliyeinunua kwa sababu anaipenda ngome ile inayobomoka hakupoteza kitu. Aliyeinunua kama hati ya shamba alikosa usingizi.

Kuhusu ushuru, najua ndio unaowaharakisha wengi. Marekani iliweka asilimia 25 kwa chuma na alumini Machi 2025, na Juni ikapandisha hadi 50. Mashine ya pinboli ni chuma, waya, koili na bodi za elektroniki, maelfu ya vipande, na sehemu kubwa ya elektroniki hutoka Asia. Kwa hiyo ndiyo, bei inaweza kupanda. Lakini fanya hesabu kwa utulivu. Bei ya Pro ikipanda kwa asilimia 7, ni kama dola 490. Mkopo wa dola 7,000 kwa asilimia 12 unakula zaidi ya hapo kwa mwaka mmoja tu ukichelewa kuupunguza. Mwenye fedha taslimu anaweza kukimbilia bei ya leo. Anayekopa ili aukwepe ushuru anakwepa mvua kwa kujitupa kisimani.

Na ukiwa na fedha taslimu, uliza iko wapi siku ukiugua au kazi ikikatika. Mimi sasa nina kanuni moja ambayo sijaivunja: pesa ya mashine ni ile iliyobaki baada ya kutenga matumizi ya nyumba ya miezi sita. Haijafika, sinunui. Mke wangu ndiye anayeshika hesabu hiyo, na tangu tulipokubaliana hivyo hatujagombana kuhusu gololi.

Arbuni nayo ina mambo yake. Uchumi ukibana, wa kwanza kuanguka ni viwanda vidogo. Hata Stern, baada ya mtikisiko wa 2008, ililazimika kupunguza wafanyakazi, na wakati ule ndiyo pekee iliyokuwa imebaki imara tangu Williams ilipofunga kitengo chake cha pinboli mwaka 1999. Baadaye zilizuka kampuni changa, Marekani na Uingereza, na zaidi ya moja ilichukua malipo ya wateja ikafa kabla ya kukabidhi mashine zote ilizolipiwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma senti, pata maandishi yanayosema arbuni inarudishwa kwa sharti gani, na ishikwe na muuzaji mwenye mashine ghalani ambazo unaweza kuziona. Usilipe bei nzima kwa kitu ambacho bado ni picha.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: mashine nyingi mpya hutoka na programu ambayo haijakamilika. Kanuni za mchezo, sauti, hatua za mwisho, huongezwa kwa miezi, pengine miaka. Ukisubiri mwaka mmoja unapata mchezo uliokomaa, kasoro za ubao zimeshajulikana, na aghalabu kuna mtu anauza yake iliyochezwa nyumbani tu. Subira hapa inalipa kwa pesa halisi.

Na wakati unasubiri, cheza. Watu husahau kwamba mchezo huu ulikua katika njaa. David Gottlieb alitoa Baffle Ball mwaka 1931, mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta, dola 17.50, na muda mfupi baadaye Raymond Moloney akatoa Ballyhoo. Ule ulikuwa ndani ya Mdororo Mkuu. Mtu asiye na kazi aliweza kuweka senti moja akapata dakika chache za kusahau. Popote penye mashine ya kuchezea kwa sarafu, unaweza kuujaribu mchezo kabla hujaupeleka nyumbani. Mimi siku hizi nataka niwe nimeucheza mara ishirini. Mingi hunichosha kwenye mara ya nane.

Baada ya ile kuuzwa, nilirudi kwa mashine zangu mbili, nikiwa na huzuni kidogo. Moja nilifungua kichwa chake nikakuta betri tatu ndogo kwenye bodi kuu zimeanza kuvuja, unga wa kijani umetambaa hadi kwenye miguu ya chipu ya kwanza. Hii ndiyo inayoua mashine nyingi za enzi zile, kimyakimya, hata ikiwa imezimwa. Nilisafisha kwa siki, nikasuuza, nikakausha, nikahamishia betri kwenye kibebeo kinachoning'inia mbali na bodi. Nikabadilisha raba zote, nikaweka gololi mpya, nikakarabati flipa zote mbili. Gharama nzima haikufika dola 150. Nilipowasha na kupiga shuti la kwanza la njia ya kulia, gololi ilipanda hadi juu bila kusita. Kwa miaka mitatu nilidhani mimi ndiye niliyezeeka mkono.

Kijana aliniandikia jana usiku. Arbuni hajaituma bado, na mchezo anaoutaka ameshaucheza mara kumi na moja. Ila sasa anauliza habari ya mashine yake ya mwaka 1993, ambayo hajawahi kuifungua kichwa tangu ainunue. Nimemjibu azitoe betri leo hii, kabla hajalala.