Ufume nini siku ya theluji?

Dada yangu wa Minneapolis, umesema theluji imekufungia ndani, una sindano na uzi mweusi, ila hujui uanze na nini. Sweta liache kwanza, anza na skafu. Uzi huo mweusi nao uweke kando: Januari jua linazama mapema, na chini ya taa mishono yake haionekani, utaumiza macho bure. Tafuta uzi mnene wa rangi ya maziwa na sindano za milimita 8, kazi itakua ukiiona. Usikaze uzi, mshono uteleze wenyewe kwenye sindano. Chai ikichemka, malizia mstari ndipo uinuke, la sivyo ukirudi hutajua ulikuwa unaelekea upande gani. Na kama ni sufu halisi, usiifue kwa maji ya moto, itasinyaa ibaki ya mwanasesere.